Mbwa wa Ubombo na Ukungu wa Jicho

Ndugu wafugaji, leo tunawaacha ng'ombe kidogo tumtazame mbwa. Wengi wetu tukiona jicho la mbwa limefanya ukungu kama maziwa, twasema ametemewa na swila. Yaweza kuwa kweli. Lakini penye mbung'o, ukungu ule una historia yake.

Mwaka 1894 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alitumwa Zululand, Afrika ya Kusini, akafuatana na mkewe, Mary. Ng'ombe wa huko walikuwa wanakwisha kwa ugonjwa ambao Wazulu waliuita nagana. Wazungu wengi walisadiki kwamba mbung'o ana sumu yake mwenyewe, kama nyoka. Wazulu walisema ugonjwa watoka kwa wanyama wa porini. Kila upande ulishika nusu ya kweli, na kwa maoni yangu nusu ya Wazulu ndiyo iliyokuwa kubwa.

Juu ya kilima cha Ubombo, Bruce alitazama damu ya ng'ombe wagonjwa kwa darubini, akaona vijidudu vinajikunjakunja. Baada ya hapo mbwa ndiye aliyemfanyia kazi. Mbung'o waliokwisha kunywa damu ya mbwa mgonjwa waliachiwa wamwume mbwa mzima, naye akaugua. Kisha ikachukuliwa damu ya nyati, nyumbu na tandala, wanyama wasioonyesha ugonjwa wowote, wakachomwa nayo mbwa. Mbwa wakapata nagana. Basi ikajulikana: mnyama wa porini ni ghala, mbung'o ni mchukuzi. Mwaka 1899 kijidudu kikaitwa Trypanosoma brucei, kwa jina la Bruce. Mbwa hakuna aliyewataja!

Jamii mojawapo ya kijidudu hicho ndiyo iletayo malale kwa watu, ugonjwa uliosumbua sana Tabora na Kigoma. Mbwa akikipata huwa na homa, hukonda, huvimba uso, na macho hufanya ukungu, maana vijidudu huingia hata katika maji ya ndani ya jicho. Asipotibiwa aweza kufa katika wiki chache. Majani ya kukamulia jichoni hayafiki kwenye damu. Dawa ya diminazini, iliyoanza kutumika miaka ya 1950, husafisha damu, ila haiingii vizuri ubongoni. Mbwa huonekana amepona, halafu ugonjwa hurudi. Tena ikizidi kipimo humdhuru, kwa hiyo asichomwe kwa kukisia.

Mbwa wawili watatu wa mawindo wakipata ukungu wakati mmoja, mpasheni habari bwana mifugo. Na kama nyumbani kuna mtu mwenye homa isiyosikia dawa ya malaria, apelekwe hospitali apimwe damu.