Kitenzi cha Waslavi Kilichotoka Kuona Hadi Kujua

Hakuna jiwe wala ngozi iliyowahi kupatikana ikiwa na maandishi ya Kislavi mame, lugha iliyozungumzwa Ulaya ya mashariki kabla Waslavi hawajatawanyika na kabla hawajapata alfabeti. Hata hivyo wanaisimu huandika kitenzi chake *věděti, yaani kujua, wakikitanguliza kwa kinyota, alama iliyoenezwa na Mjerumani August Schleicher katika karne ya 19 kwa ajili ya maneno yaliyoundwa upya. Wapo wanaokiona kinyota hicho kuwa ruhusa ya kubuni. Kitenzi hiki kinatosha kuwajibu, kwa sababu kila sauti yake ina mashahidi wanaoweza kuhojiwa.

Mashahidi wa kwanza ni wazao wake walio hai. Kusema “najua”, Mpoland hutamka wiem, Mcheki vím, Mslovenia vem. Mbelarusi naye hukitumia kila siku. Mrusi amekiachia lugha ya kale na ya heshima, akashika kitenzi kingine, znat’. Lakini bado husema bog vest’, Mungu ndiye ajuaye, na vest’ hiyo ni umbo la kale la nafsi ya tatu lililosalia humo. Mzizi huohuo umewapa Wacheki věda, sayansi, na Warusi ved’ma, mchawi wa kike, yaani mwanamke ajuaye yaliyofichika.

Asili yake inarudi nyuma zaidi. Mapokeo ya maandishi ya Kislavi yalianza mwaka 863, wamisionari Cyril na Methodius walipotumwa Moravia, na katika maandishi ya kale ya mapokeo hayo “najua” huonekana pia kwa umbo la vědě. Umbo hilo lina ndugu mbali sana: veda ya Kisanskriti, oida ya Kigiriki na wait ya Kigothi, yote yakiwa na maana ya “najua”. Kilatini kina video, naona, neno ambalo Waswahili tunalitumia leo kwa picha zinazotembea. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mzizi ulimaanisha kuona, na “nimeona” ikageuka kuwa “najua”.

Mtu anaweza kupinga kwamba Waslavi waliazima neno hili kwa Wagothi, kama walivyoazima jina la mkate. Sauti zinakataa. Katika lugha za Kigermanik, Kigothi kikiwemo, d ya kale iligeuka t, ndiyo maana Kigothi kina wait. Kislavi kimebaki na d, kwa hiyo hakikulipokea neno kupitia mlango huo. Wala si kila kinachofanana ni ndugu. Sovet, baraza, neno lililoipa jina Urusi ya Kisovieti, linafanana na kitenzi chetu, lakini linatokana na mzizi mwingine wenye t, unaohusu kusema. Mbinu inayokataa ndugu wa uongo haiwezi kuitwa ramli.

Imebaki hoja nzito zaidi: nani atathibitisha neno ambalo hakuna aliyelisikia? Mwaka 1879 mwanaisimu Ferdinand de Saussure alieleza, kwa hoja tupu, kwamba lugha mame ya Kihindi-Kiulaya, mama wa Kislavi, Kisanskriti, Kigiriki na ndugu zao, ilikuwa na sauti zilizopotea katika lugha zote zilizojulikana wakati huo. Mwaka 1927 mwanaisimu mwingine, Jerzy Kuryłowicz, alionyesha kwamba baadhi yake zimehifadhiwa katika Kihiti, lugha ya kale ya jamii hiyo, kwenye vibao vya udongo ambavyo Saussure hakuvitegemea. Kwa mbinu hiyohiyo Carl Meinhof aliunda upya sauti za Kibantu mame mwaka 1899, na ndiyo inayounganisha ona ya Kiswahili, bona ya Kizulu na mona ya Kilingala. Anayedharau kinyota cha Waslavi anadharau pia ushahidi wa historia yetu. Vyuo vyetu na viifundishe mbinu hii kwa dhati, maana wahenga wetu wengi hawakuacha maandishi, walituachia maneno.