Jana Alikuwa Mzima: Historia ya Homa Inayopanda Kichwani

Huku kwetu Tanga, mzee aliyelala na akili zake akiamka hamjui mwanawe, nyumba haikosi la kufanya. Mmoja anakwenda kumwita mwalimu aje amsomee. Mwingine anafukiza ubani. Kombe linaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, linaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa ananyweshwa. Na pembeni shangazi anawapigia simu walio Dar es Salaam na Mombasa waanze safari, kwa sababu bibi tangu alfajiri anazungumza na marehemu mumewe, na anayeitwa na wafu, wanasema, hana siku nyingi.

Nilizaliwa katika nyumba ya namna hiyo, kisha nikawa muuguzi wa wodi za watu wazima mpaka nilipostaafu. Kwa hiyo nazijua pande zote mbili, na nina jambo moja la kusema. Watu wa nyumbani waliijua hali hii mapema kuliko hospitali, kwa sababu wao ndio walioona kwamba imekuja ghafla. Huenda sababu waliyoitaja, pepo au mizimu au jirani mbaya, haikuwa yenyewe, lakini tarehe waliijua. Na katika ugonjwa huu tarehe ni nusu ya dawa.

Kwenye maandishi ni habari ya kale mno. Kitabu cha kubashiri mwenendo wa maradhi, kimojawapo cha vile vinavyonasibishwa na Hippocrates wa Ugiriki, kinaeleza mikono ya mgonjwa wa homa kali au wa mapafu: inapapasa hewani mbele ya uso, inachuna nyuzi za shuka, inakwangua ukuta. Daktari anaambiwa aiogope mikono hiyo. Imepita miaka zaidi ya elfu mbili, na mimi nimeiona mikono ileile ikichuna pindo la khanga kwenye wodi ya Tanga. Tabibu Ibn Sina naye, katika kitabu chake Al-Qanun alichokikamilisha takriban mwaka 1025, aliutenga ugonjwa wa kupayapaya kwenye homa na wazimu wa mtu asiye na homa. Tiba ya vitabu hivyo, yenye hesabu zake za moto na baridi, ukavu na majimaji, ilivuka bahari ikafika mwambao wetu, na waganga wa kitabu wa Pemba, Mombasa na Tanga wanaifuata mpaka leo. Mtu asidhani basi kwamba wazee wetu walikuwa gizani kabisa.

Giza lilikuja kwa njia nyingine, na mkoa wetu una ushahidi wake milimani.

Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walifungua Lutindi, juu ya Korogwe katika Usambara, nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 ikapokea wagonjwa wa akili, na hospitali hiyo ipo hadi leo. Upande wa mashariki wa milima hiyohiyo, Amani, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 na kupanda miti ya mkwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka na njia ya bahari ikafungwa, kwinini ya wanajeshi wao ilitengenezwa kutokana na magome ya hapo. Kabla ya Amani, kati ya 1897 na 1898, daktari wao Robert Koch alikuwa katika koloni lao hapa kwetu akichunguza damu za watu kwa darubini, akitafuta vimelea vya malaria.

Ndivyo tiba ya kizungu ilivyotufikia, ikiwa na milango miwili. Mlango wa akili ulikuwa Lutindi. Mlango wa homa ulikuwa darubini na kwinini. Bibi aliyeanza kupayapaya tangu jana, mwili wake hauna joto la kutisha, angepita mlango upi? Hakuwa kichaa, na homa yake haikuonekana. Alibaki nyumbani na kombe lake, au alifikishwa hospitali akapewa mojawapo ya majina mawili: uzee, au malaria.

Jina la malaria nataka nilizungumzie kwa kirefu, maana ndilo lililotawala miaka yangu ya kazi. Malaria imepanda kichwani: sentensi hiyo niliisikia kwa ndugu wa wagonjwa, kwa waganga wasaidizi, na kwa madaktari. Haikuwa uongo. Malaria ya ubongo ipo, na imewamaliza watoto wengi wa Muheza, Pangani na Handeni. Lakini mzee aliyekulia huku, aliyeugua malaria tangu utoto na kujenga kinga ya miaka, si mtu wa kwanza kumdhania malaria ya ubongo. Hata hivyo alitundikiwa dripu ya kwinini. Masikio yakavuma, akaacha kusikia anachoulizwa. Kwinini pia inaweza kushusha sukari ya damu, na sukari ikishuka mtu anachanganyikiwa zaidi, hasa asiyekula tangu juzi. Ndugu wakiona anazidi kupotea, wanasema malaria yake ni kali.

Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania, yaani kwetu huku. Waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya elfu nne waliolazwa na kutibiwa malaria kali, wakazisoma upya damu zao kwa uangalifu. Waliokuwa na vimelea kweli hawakufika nusu. Na waliokutwa hawana vimelea walikufa kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko waliokuwa navyo, kwa maana walikuwa na ugonjwa mwingine ulioachwa uendelee chini ya jina la malaria. Utafiti huo ulihusu watu wa rika zote, watoto wakiwa wengi. Mimi niliusoma nikiwafikiria wazee.

Namkumbuka bibi mmoja wa Kibondei, mkulima wa machungwa kutoka vijiji vya Muheza. Aliletwa na mjukuu wake wa kike, msichana wa sekondari. Kwenye faili palikuwa pameshaandikwa malaria, na chini yake, uzee. Kipimajoto kilisoma 36.4. Alikuwa kimya, macho nusu, vidole vikichuna khanga. Nikamwamkia, shikamoo bibi, akaniitikia marahaba vizuri tu, kisha akaniita kwa jina la mtu nisiyemjua. Nikamwomba anitajie siku za juma kwa kurudi nyuma, kuanzia Jumapili. Akasema Jumamosi, Ijumaa, halafu akaanza kuuliza mbuzi wako wapi. Mjukuu akalia. Akaniambia, “Nesi, juzi bibi alikuwa anachambua kisamvu na kunisimulia mambo ya ujana wake. Usiku wa jana ndio kaanza kuniita dada yake.”

Nikahesabu pumzi zake kwa dakika nzima, nikitazama khanga ikipanda na kushuka kifuani. Zilikuwa 34. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya 12 na 20. Daktari wa zamu alipoweka kipimo masikioni akasikia mapafu yakikwaruza chini upande wa kulia, na picha ikathibitisha nimonia. Akachomwa sindano za antibiotiki, akawekewa oksijeni, akanyweshwa maji kijiko kwa kijiko. Jioni akili zilikuja, usiku zikaondoka, kesho yake zikaja tena, na kuja na kuondoka huko ndiyo tabia ya hali hii. Ilichukua muda kabla hajaanza kumgombeza mjukuu wake kwa kuacha mbuzi bila mtu wa kuwafunga. Hapo nikajua amerudi.

Homa ilikuwa wapi? Swali hilo lilijibiwa ng'ambo zamani. Jean-Martin Charcot, aliyefundisha magonjwa ya wazee katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris miaka ya 1860, alisisitiza kwamba viungo vya mzee huugua kimyakimya, ndiyo maana akataka joto la ndani ya mwili lipimwe kwa makini. William Osler, katika kitabu chake cha tiba cha mwaka 1892, aliandika kwamba nimonia ya mzee inaweza kujificha: hakuna baridi ya kutetemesha, kikohozi ni kidogo. Mwili wa mzee hauna nguvu ya kuwasha homa kama ya kijana. Kinachowahi kuonyesha dalili ni ubongo. Kemikali ambazo mwili unazitoa kupigana na vijidudu zinaufikia, maji yamepungua mwilini, oksijeni haitoshi, na mzee anapoteza uwezo wa kushika jambo moja akilini. Ugonjwa uko kwenye pafu, kwenye figo, au kwenye kidonda cha mguu, lakini kinachobadilika mbele ya macho ya ndugu ni maneno.

Kuanzia miaka ya 1940 George Engel na John Romano, huko Marekani, walipima mawimbi ya umeme ya ubongo wa wagonjwa wa namna hii, wakaona yanapungua kasi mgonjwa anapozama na kurejea anapopona. Makala yao ya mwaka 1959 ilidai kwamba ubongo nao unaweza kushindwa kazi kwa muda, kama figo au moyo. Mwaka 1990 Sharon Inouye, daktari wa wazee wa Marekani, na wenzake wakatoa kipimo cha kitandani kinachotumika dunia nzima. Kinauliza mambo manne: je, hali imeanza ghafla na inakuja na kuondoka, je, mgonjwa anashindwa kutulia kwenye jambo, je, maneno yake hayana mpangilio, je, amezubaa au amechangamka mno? La kwanza na la pili lazima yawepo, na mojawapo kati ya mawili ya mwisho. Tazama la kwanza. Jibu lake daktari hana, kwa sababu jana hakuwepo. Analo mjukuu.

Vipimo vingi vya akili vilivyoletwa kutoka ng'ambo vinamtaka mzee asome, aandike sentensi, anakili mchoro. Bibi asiyewahi kushika kalamu anaonekana mgonjwa hata akiwa mzima. Nafurahi kwamba watafiti wa Kilimanjaro, wakifanya kazi na wazee wa wilaya ya Hai, walitengeneza kipimo kinachotumia vijiti vya kiberiti badala ya kalamu, kikachapishwa mwaka 2014. Hiyo ni kazi iliyofanywa kwa heshima ya wazee.

Siwezi kuyaacha mambo haya bila kuwataja waliodhalilishwa. Mara kwa mara inavuma habari ya mwanamke mzee aliyekutwa alfajiri uwanjani kwa watu, nguo hana, hajui alipo, na umati unapiga kelele kwamba mchawi kaanguka na ungo. Mimi nikisikia hivyo nawaza mkojo, mapafu, sukari, maji. Mzee mwenye maambukizi huzidiwa usiku, hutoka nje akimtafuta mtu aliyekufa zamani. Wako waliopigwa badala ya kufunikwa khanga na kupelekwa zahanati.

Sasa naona jina jipya linachukua kiti cha malaria. Vipimo vya haraka vilipoenea, malaria ikaacha kusingiziwa kila kitu, na badala yake kila mzee anayechanganyikiwa anaambiwa ana yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Wapo walio nayo kweli: wanaumia wakikojoa, wana homa, kiuno kinauma. Lakini wazee wengi, wanawake hasa, wana bakteria kwenye mkojo bila kuugua chochote, na mwongozo wa chama cha wataalamu wa maambukizi cha Marekani wa mwaka 2019 unashauri kwamba mzee aliyechanganyikiwa, mwenye bakteria hao tu bila dalili nyingine, atafutiwe sababu nyingine na aangaliwe kwa makini kabla ya kukimbilia antibiotiki. Vidonge vya mkojo havimtibu mwenye nimonia, wala aliyekaukiwa maji, wala aliyepewa dawa mpya ya usingizi wiki iliyopita.

Na msimngojee anayepiga kelele. Wengi hawapigi. Wananyamaza, wanalala mchana kutwa, chakula hawakitaki, na watu wanasema afadhali leo bibi amepumzika. Hao ndio wanaochelewa zaidi kufikishwa.

Kwa hiyo nawaomba ndugu wa wazee. Msomeeni, mwombeeni, lakini siku hiyohiyo mpelekeni. Mkifika kwenye dirisha la wazee hospitalini, msiseme tu kwamba amechanganyikiwa. Semeni juzi alikuwa anafanya nini, saa ngapi alibadilika, amekula na kunywa nini, anatumia dawa zipi. Mwombeni muuguzi amhesabie pumzi kwa dakika nzima. Na mkiambiwa ni uzee, jibuni kwa adabu kwamba uzee hauingii kwa usiku mmoja, kisha ombeni apimwe.