Maskani Chini ya Daraja: Kesi za Mipaka ya Makazi Nchini Marekani

Mwezi wa Agosti 2026 yatimia miaka 10 tangu Mahakama ya Rufani ya Shirikisho iliyoko Cincinnati, kwa kalamu ya Jaji Alice Batchelder, ilipoamua kwamba jimbo la Michigan limewaongezea adhabu watu waliokwisha kuhukumiwa zamani kwa makosa ya kujamiiana, pale lilipowakataza, kwa sheria iliyotungwa baada ya makosa yao, kukaa wala kufanya kazi ndani ya futi 1,000, yaani kama mita 305, kutoka penye shule. Katika hukumu ile jaji alitia ramani ya mji wa Grand Rapids, iliyoonyesha mitaa yote iliyoharimishwa, na mwenye kuitazama hahitaji wakili wa kumfasiria. Hukumu hiyo na utafiti wa Profesa Ira Ellman wa Arizona ndizo nguzo mbili nilizoegemea katika makala haya, na msomaji asistaajabu akiniona nimeelemea upande wa nguzo hizo.

Asili ya mambo haya ni fupi kusimulia. Mwaka 1994 Bunge la Marekani liliamrisha majimbo yaweke daftari la wakosaji wa namna hii. Mwaka 1996 likaamrisha umma uarifiwe. Na katikati ya miaka hiyo, mwaka 1995, Florida ikawa ya kwanza kuweka mpaka wa makazi, mpaka wa futi 1,000 kwa baadhi ya walio chini ya uangalizi, kisha majimbo mengine yakafuata. Sheria hizi hazikuzuka katika chuki tupu. Nyuma yake aghalabu pana kaburi la mtoto, na asiyeutambua msiba huo hana haki ya kuzikosoa.

Lakini msiba ni kitu kimoja na hesabu ni kitu kingine. Mwaka 2002 Jaji Anthony Kennedy wa Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Kansas, aliandika kwamba wakosaji wasiotibiwa hukadiriwa kurudia makosa yao kwa kiasi kifikacho asilimia 80, kiwango alichokiita cha kutisha. Na mwaka uliofuata, katika kesi ya Alaska iliyohalalisha daftari kwa majaji 6 dhidi ya 3, maneno yale yalirejewa kama jambo lililokwisha kuthibitika. Profesa Ellman, akishirikiana na Tara Ellman, alifuata nyayo za tarakimu ile, na mwaka 2015 akatangaza alikofika: Kennedy aliitoa katika kitabu cha mwongozo cha Wizara ya Sheria cha mwaka 1988, na kitabu kile kiliitoa katika makala ya mwaka 1986 ya jarida la kawaida la saikolojia, ambamo mshauri wa wafungwa aliyekuwa akiisifia programu yake ya tiba alitaja asilimia ile bila ushahidi wowote. Hivyo ndivyo neno la mtu mmoja, lililosemwa gazetini kwa kupita, lilivyopanda daraja hata likakaa katika hukumu ya mahakama kubwa kuliko zote, na kutoka huko likateremshwa kwa mahakama za chini kama hoja isiyopingika.

Iowa ndiko watetezi na wapinzani wa mipaka hii walikopimana nguvu kwanza. Jimbo lile liliweka mpaka wa futi 2,000 mwaka 2002. Jaji Robert Pratt akautangaza kuwa batili mwaka 2004. Mahakama ya Rufani ya St. Louis ikaitangua hukumu yake mwaka 2005, na Mahakama ya Juu ikakataa kulisikiliza shauri. Ushindi huo haukuwafurahisha waliokabidhiwa kuutekeleza. Wakosaji wasiojulikana waliko walizidi maradufu, kwa kuwa mtu asiye na nyumba hana anwani ya kuandikisha, na mwaka 2006 chama cha waendesha mashtaka wa Iowa, watu ambao kazi yao ni kuwapeleka wakosaji gerezani, kikatoa tamko la kuitaka sheria ile iondolewe. Mwaka 2007 Idara ya Magereza ya Minnesota nayo ilichunguza watu 224 waliorudi gerezani kwa makosa mapya ya kujamiiana, isione hata mmoja ambaye kosa lake lingalizuiwa na mpaka wa makazi. Si ajabu: takwimu za Wizara ya Sheria za mwaka 2000 zilionyesha kwamba katika makosa ya namna hii dhidi ya watoto yaliyofika polisi, yaliyotendwa na watu wasiojuana nao kabisa yalikuwa asilimia 7 tu, na yaliyosalia yalikuwa ya jamaa na watu wanaofahamika. Kikulacho ki nguoni mwako, nao watunga sheria walikuwa wakipima futi barabarani.

Hakuna mahali kisa hiki kilipofikia upeo wake kama Miami. Mwaka 2005, baada ya mauaji ya mtoto yaliyoitikisa Florida nzima, Miami Beach na kisha wilaya ya Miami-Dade ziliona kuwa futi 1,000 za jimbo hazitoshi, zikaweka 2,500, karibu mita 760. Na kwa kuwa katika mji uliojaa shule duara kubwa kiasi hicho hugusana na duara jingine, waliotoka gerezani walijikuta hawana pa kupanga chumba. Basi maafisa wa uangalizi wenyewe wakawaelekeza chini ya daraja la Julia Tuttle, lenye kuvuka ghuba ya Biscayne na kuitwa kwa jina la bibi anayehesabiwa kuwa mama wa mji wa Miami. Huko wakajenga vibanda na kutandika magodoro juu ya saruji, makumi kwa makumi, wakawasha jenereta ili kutia chaji vifaa vilivyofungwa miguuni mwao kufuatilia nyendo zao. Kuanzia saa nne za usiku hata saa kumi na mbili za alfajiri iliwapasa wawepo, na afisa alikuja kuwahesabu. Na wapo waliopewa leseni za udereva zenye anwani ya daraja. Serikali inayomwandikia raia wake daraja kuwa ndiyo nyumba yake imejihukumu yenyewe kabla ya jaji kuketi.

Ugomvi uliofuata ungalikuwa kichekesho lau usingekuwa wa watu hai. Mwaka 2009 mji wa Miami uliishtaki serikali ya jimbo, ukidai kwamba hata chini ya daraja hapafai, kwa kuwa kijisiwa kimoja ghubani ni bustani ya umma na kiko ndani ya zile futi 2,500. Na katikati ya vurugu alisimama Ron Book, mshawishi mashuhuri wa wabunge wa Florida, ambaye bintiye alidhulumiwa utotoni na yaya wa nyumbani, naye akazipigania sheria hizi kwa nguvu zake zote, hata sheria ya Miami-Dade ikaitwa kwa jina la binti huyo. Na Book huyo huyo alikuwa mwenyekiti wa shirika la wilaya la kuwahudumia wasio na makao, hivyo ikamlazimu kuwatafutia vyumba watu waliokosa vyumba kwa sheria aliyoipigania. Simdhihaki, maana uchungu wake ni wa kweli. Ila yaya yule alikuwa akikaa ndani ya nyumba.

Kambi ilivunjwa mwaka 2010, na baada ya muda nyingine ikazuka kando ya reli karibu na Hialeah.

Mahakama za kwingineko zilikuwa zimekwisha kugeuka. Georgia mwaka 2007 iliamua kwamba kumtoa mtu katika nyumba aliyoinunua kwa halali, kwa sababu tu kituo cha watoto kimefunguliwa jirani baadaye, ni kumnyang'anya mali bila fidia. Kentucky na Indiana zilifuata mwaka 2009, zikikataa mpaka kuwarudia waliokosa kabla ya sheria. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya California iliuondoa mpaka wa jumla kwa walio chini ya uangalizi wilayani San Diego, ambako zaidi ya asilimia 97 ya nyumba za kupanga za familia nyingi zilikuwa haramu kwao, na Massachusetts ikaibatilisha sheria ya mji wa Lynn, ikikumbusha zama ambazo Wahindi Wekundu na Wamarekani wenye asili ya Japani waliondoshwa kwa halaiki katika makazi yao. Kisha ikaja hukumu ya Cincinnati, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuigusa mwaka 2017. Hata hivyo si kila mahakama ilikubali; ile ya Chicago mwaka 2018 iliuthibitisha mpaka wa Illinois.

Michigan iliifuta mipaka yake mwaka 2021. Huko Miami, kesi iliyofunguliwa na chama cha haki za raia, ACLU, mwaka 2014 kwa niaba ya watu wa relini ilitupwa, ikafufuliwa na mahakama ya Atlanta, na mwezi wa Desemba 2018 Jaji Paul Huck akawapa ushindi wakuu wa wilaya. Wadai walikuwa wamekwisha kutawanywa tangu mwezi wa Mei. Sheria ya Miami-Dade ingali yasimama, na mpaka wake ni futi 2,500.