Wasanii wawili, jina moja: Ifahamu safari ya Gillian Welch na David Rawlings

Ukitafuta albamu ya Time (The Revelator) kwenye simu yako, utakuta jina moja tu la msanii: Gillian Welch. Lakini ile sauti ya pili inayotembea bega kwa bega na yake, na lile gitaa linalochomekea noti katikati ya mistari, ni vya David Rawlings. Hata nyimbo wametunga wote. Wenyewe walikuwa wakisema kwamba "Gillian Welch" ni bendi ya watu wawili.

Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 20.

Walikutana wapi?

Ni wanafunzi wa Chuo cha Muziki cha Berklee, Boston, Marekani. Walikutana wakiwa kwenye usaili wa bendi ya muziki wa country chuoni hapo. Mwaka 1992 wakawa wamehamia Nashville, na mwaka 1996 ikatoka albamu ya kwanza, Revival, chini ya prodyuza T Bone Burnett.

Haikupokelewa kwa makofi tu. Nyimbo zao zina harufu ya milima ya Appalachia: wakulima, umaskini, dini, vifo. Sasa Welch amekulia Los Angeles, na wazazi wake walikuwa wanamuziki wa kipindi cha televisheni. Baadhi ya wachambuzi wakauliza, huyu binti wa mjini anaimba maisha ya nani? Swali hilo halikuwazuia. Waliendelea na mtindo uleule: magitaa mawili, sauti mbili, mara nyingine banjo, basi. Gitaa la Rawlings ni Epiphone Olympic la mwaka 1935, ambalo enzi zake lilikuwa la bei ya chini.

Wimbo uliotangulia wakati

Mwaka 2001, zama za Napster, watu walikuwa wanapakua muziki bila kulipa hata senti. Wawili hao wakatoa Everything Is Free, wimbo wa msanii anayejua kwamba ataendelea kutunga hata asipolipwa, na kwamba wengine wanalijua hilo pia. Ukiusikiliza leo, utadhani umeandikwa juzi kuhusu malipo ya mitandao ya kusikilizia muziki. Courtney Barnett na Father John Misty ni kati ya waliourudia.

Na wao hawakuishia kulalamika. Walianzisha lebo yao, Acony, na wakanunua studio ya Woodland, Nashville. Yaani kanda zao, wakazitunza wenyewe.

Usiku wa kimbunga

Machi 2020, usiku, kimbunga kilipiga Nashville na kung'oa paa la Woodland. Maji yakaanza kuingia. Ndani kulikuwa na kanda halisi za kazi ya maisha yao yote, na umeme hakuna. Ikabidi wazibebe wenyewe gizani kuzitoa sehemu zinazovuja.

Kati ya vilivyopona ni nyimbo ambazo hakuna msikilizaji aliyewahi kuzipata. Mwaka 2002 walikuwa wanadaiwa nyimbo kwenye mkataba na kampuni inayosimamia hakimiliki, wakakaa chini na kurekodi haraka haraka mzigo mzima ili deni liishe. Ukawekwa kando. Baada ya kimbunga, nyimbo 48 zikatoka kwa jina la Boots No. 2. Kwa kazi ya kulipia deni, nyingi ni nzuri kupita kiasi!

Mwaka huohuo, wakiwa wamejifungia nyumbani kwa sababu ya corona, walirekodi nyimbo za watu wengine na za jadi. All the Good Times ndiyo albamu yao ya kwanza yenye majina yote mawili kwenye jalada. Mwaka 2021 ikabeba Grammy ya Albamu Bora ya Folk.

Agosti 2024 wakatoa Woodland, nyimbo 10 za kwao wenyewe, ikiitwa kwa jina la studio ileile baada ya kukarabatiwa. Majina mawili tena, na Februari 2025, Grammy tena.

Kama hujawahi kuwasikia, anza na Everything Is Free. Ukiwa na muda, nenda I Dream a Highway, lakini jiandae: ni wimbo mmoja wenye zaidi ya dakika 14.