Muravumba na majivu: namna mabibi zetu walilinda mbegu

Katika milima ya Kivu, mavuno si kitu kama mbegu ya msimu ujao haina kinga. Maharagi yanaingia ndani safi. Kisha miezi michache, punje zina matundu na unga unajaa chini ya kitunga. Mwenye kuharibu ni kidudu kidogo, Acanthoscelides obtectus. Kilitoka Amerika, sawa na maharagi yenyewe. Kinaanza kutaga mayai shambani, tena kinaendelea nyumbani.

Mabibi zetu walifanya nini? Walianika maharagi vizuri juani. Wakakausha majani ya muravumba (Tetradenia riparia), wakayatwanga, wakachanganya. Wengine walitia majivu ya jiko. Sisi tuliosoma tulicheka, tukasema ni desturi tu.

Kumbe sababu iko. Harufu ile ya muravumba ni mafuta yanayoruka hewani. Kidudu kinapumua kwa vitundu vya ubavuni, na mvuke ule unaingia humo. Mwaka 1994 watafiti walichapisha matokeo ya kupima mafuta hayo juu ya ndugu yake, Zabrotes subfasciatus. Majivu nayo yanajaza nafasi katikati ya punje na kukwaruza ngozi ya kidudu, mpaka kinakauka.

Lakini njia ya wazee iliachwa. Mwaka 1939 Paul Müller aligundua nguvu ya DDT juu ya wadudu; mwaka 1948 akapewa tuzo ya Nobel. Unga wa kizungu ukashinda majani. Mkataba wa Stockholm wa 2001 ulikuja kukataza DDT katika kilimo, lakini mazoea yalikwisha kuingia. Hata sasa tunaona mama akinunua sokoni unga usio na jina, anautia katika maharagi ambayo watoto watakula.

Hatusemi muravumba unaweza yote. Mafuta yake yanaisha upesi, kwa hiyo majani yabadilishwe. Tena kidudu kilichokwisha kuingia ndani ya punje ni vigumu kukifikia; ndiyo maana jua linatangulia.

Kwa wanafunzi wetu tunatoa kazi moja: kuuliza bibi ni jani gani, kiasi gani, kwa siku ngapi, na kuandika. Nasi wakubwa, kabla ya kung'oa muravumba kando ya lupango, tumuulize yeye kwanza.