Kutoka Glasgow, Kupitia Kabete, Hadi Ruring'u

Ukimuuliza mtu wa Nyeri mahali pa kumpeleka paka mgonjwa, atakuelekeza kwa daktari wa ng'ombe. Hakukejeli, ndilo jina lenyewe. Daktari bila nyongeza ni wa watu. Huyo mwingine ni wa ng'ombe, hata ukimwendea na sungura kwenye karatasi ya nailoni. Na ukifika, mara nyingi utapata agroveti: magunia ya chakula cha mifugo mlangoni, dawa ya kupe kwenye rafu, na kijana wa kaunta ambaye lazima afikirie kidogo kabla ya kukupa dawa ya minyoo, kwa sababu kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ni cha ndama.

Wako wanaolicheka jina hilo, mimi silicheki. Limebeba historia nzima ya mlima huu. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndio uliowafungulia wakulima Waafrika mlango wa kahawa na ng'ombe wa gredi, na kuanzia hapo ng'ombe wa maziwa akawa karo ya shule, akawa mahari, akawa pesa za hospitali. Elimu ya mifugo ikafuata pesa. Kule Muguga, Walter Plowright na wenzake wakatengeneza chanjo ya sotoka, ugonjwa ambao leo haupo tena duniani. Madipu yakajengwa, wapandishaji wakazunguka na pikipiki. Paka hakuwa na mpango. Alikuwa askari wa ghala, mshahara wake panya, na serikali ilimkumbuka tu palipokuwa na hofu ya kichaa cha mbwa.

Nilianza kufuatilia haya kwa sababu ya Njugu, paka wangu wa kike, ambaye wakati huo alikuwa na miaka miwili. Fizi zilikuwa zimegeuka nyeupe kama chaki na homa ilikuwa ikienda na kurudi. Alitolewa damu, na jibu likawa kwamba ana virusi vya lukemia ya paka. Mahali tulipopimwa niliambiwa, kwa upole kabisa, kwamba wengi huamua "kumlaza". Hilo neno nalo! Nilisema nitafikiria, nikambeba ndani ya kiondo nikashuka naye Ruring'u. Na nilichofikiria usiku ule, zaidi ya paka mwenyewe, ni ushauri: ulitoka wapi? Nani aliamua kwamba jibu la kipimo ni sindano ya mwisho?

Ulitoka mbali, lakini njia yake ilipita karibu na kwetu kuliko nilivyodhani.

Mwanzo wa miaka ya 1960, Glasgow, Uskoti, kulikuwa na nyumba iliyofuga paka wengi, na paka hao walikuwa wakifa kwa saratani ya tezi mmoja baada ya mwingine. Saratani ilikuwa haijulikani kuambukiza hivyo. Virusi vya saratani vilikuwa vimeonekana kwa kuku tangu kazi ya Peyton Rous ya 1911, na kwa panya wa maabara tangu Ludwik Gross mwaka 1951, lakini kwa mnyama anayelala kwenye kochi la watu, bado. Mtaalamu wa patholojia ya wanyama aitwaye William Jarrett na wenzake walichukua uvimbe wa paka, wakauhamishia kwa paka wengine wachanga, nao wakaugua. Walipoangalia kwa hadubini ya elektroni, waliona chembe zinazochipuka kwenye seli, zikifanana na virusi vya lukemia ya panya. Makala yao yalitoka kwenye jarida la Nature mwezi Mei 1964.

Sasa shika hiyo tarehe. Kati ya 1963 na 1964 Jarrett alikuwa ameazimwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kile kilichoundwa 1963 kikiunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na ambacho kitivo chake cha mifugo kilikuwa Kabete. Yaani mtu aliyevipa virusi vya Njugu nafasi yake katika sayansi alifundisha kwenye kilima kile kile walikosomea madaktari wetu wengi wa ng'ombe. Niliposoma hilo nilisimama, nikatembea chumbani, nikarudi kusoma tena.

Usinielewe vibaya, sisemi paka wa Kenya walihusika. Hapa kwetu Jarrett aliingia katika ndigana kali, ile ambayo watu wa mlima huiita tu "East Coast". Mwaka 1969 yeye na wenzake wawili, Crighton na Pirie, walichapisha utafiti kuhusu jinsi kimelea cha ugonjwa huo kinavyozaliana. Na kimelea hicho kina tabia moja ya ajabu: kikiingia kwenye chembe nyeupe za damu za ng'ombe, huzilazimisha kugawanyika bila breki, karibu kama lukemia. Kwa mtu aliyetoka kuchungulia saratani ya paka, kupe wa Kikuyuni hakuwa jambo geni sana. Na kuvuka mpaka tu, Uganda, daktari Denis Burkitt alikuwa ameeleza uvimbe wa mataya wa watoto. Ni kutoka kwa sampuli za uvimbe huo, zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, ambapo Epstein, Barr na Achong waliona virusi vyao mwaka uo huo wa 1964. Mwaka mmoja, virusi viwili vya saratani, na Afrika Mashariki iko karibu na vyote viwili. Shuleni nilifundishwa tu kwamba 1964 tulikuwa jamhuri.

Ushauri wa kumlaza ulikuja baadaye. Mwaka 1973, Marekani, William Hardy na wenzake walionyesha kwamba virusi hivi hupita kutoka paka hadi paka katika maisha ya kawaida, na wakawa na kipimo cha kuvitafuta kwenye tone la damu. Hapo ndipo swali gumu lilipozaliwa. Kabla ya kipimo kulikuwa na paka wagonjwa na paka wazima. Baada ya kipimo kukawa na kundi la tatu: paka mzima, anakula, anacheza, lakini ana virusi. Desturi ya miaka ile ikawa pima na uondoe. Kwenye nyumba zenye paka wengi njia hiyo ilifanya kazi, maambukizi yalikatika, siwezi kukataa. Lakini neno "ondoa" lilimaanisha kile unachofikiria.

Kisha sayansi ikasogea na desturi ikabaki nyuma. Ikajulikana kwamba si kila paka aliyeguswa na virusi anashindwa. Wengine huvifukuza kabisa. Wengine huvikandamiza vikabaki vimejificha mwilini bila kuwasumbua. Ni wale ambao virusi vinaendelea kuzaliana kwenye damu yao ndio walio hatarini, na wengi wao hawapiti miaka mitatu hivi, ingawa wapo wanaopita. Paka wachanga ndio dhaifu zaidi. Aliyekomaa ana kinga bora. Chanjo ya kwanza ilitoka Marekani mwaka 1985. Na leo miongozo ya madaktari wa paka inasema wazi kwamba kipimo kimoja hakitoshi kumuua mnyama. Rudia kipimo, thibitisha kwa njia nyingine, mtazame paka mwenyewe.

Kuna kitu kingine kilichotokea katikati, na kwangu ndicho kiini cha hadithi hii. Max Essex, daktari wa mifugo aliyekuwa Harvard, ni mmoja wa walioonyesha kwamba virusi hivi huua paka wengi kwa kubomoa kinga ya mwili, si kwa saratani peke yake. Paka anakufa kwa homa ya mapafu, kwa kidonda cha mdomo, kwa vitu ambavyo mwili wenye nguvu ungevicheka. Mwanafunzi wake Don Francis alikuwa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani wakati vijana walipoanza kufa kwa njia hiyo hiyo mwaka 1981, na alikuwa kati ya wa kwanza kushuku kwamba chanzo ni virusi vya jamii hii. Mwaka 1983 maabara ya Pasteur, Paris, ikavipata vya binadamu. Mwaka 1984 Kenya ikaandikisha mgonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI.

Mtu si paka, tuelewane. Hayo ni magonjwa mawili, na virusi vya paka haviambukizi binadamu wala mbwa. Lakini swali lilikuwa lile lile: utafanya nini na aliye mzima ambaye damu yake imesema vingine? Kenya ilichukua muda mrefu na makaburi mengi kulijibu. Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Dawa za ARV zikawa za bure katika hospitali za umma mwaka 2006. Katika miaka ya katikati watu wa mlimani, kama kwingineko, walijifunza kutunzana kwenye vikundi, bila dawa, kwa uji, kwa sabuni, kwa kutembeleana.

Tata yangu alikuwa kwenye kikundi kama hicho. Ananiruhusu kuliandika hilo, kwa sharti nisitaje jina wala kijiji. Nilipomweleza habari ya Njugu nilitegemea acheke, kwa sababu kwake paka analala nje. Hakucheka. Aliuliza, "Amepimwa mara ngapi?"

Mara moja, tata.

"Basi bado hamjui kitu. Anakula?"

Anakula.

"Mpe chakula kilichoiva, usimlaze kwenye baridi, na akianza kukohoa usingoje Jumatatu. Sisi tulikuwa tunangojea Jumatatu, tukazika watu." Kisha akaongeza, "Na usimwambie kila mtu. Wengine watakwambia umtupe."

Daktari yeyote aliyesoma miongozo ya leo angeniambia mambo hayo hayo, ukiondoa lile la mwisho. Yeye hajasoma mwongozo wowote. Alivijua kwa kukaa kando ya vitanda.

Njugu alipimwa tena, kwa kipimo kilichotoka Nairobi, na virusi vilikuwepo bado. Huo ni mwaka wa pili sasa. Amefungwa kizazi. Hatoki nje, jambo ambalo majirani wanaliona kama kifungo, ila akitoka atapigana, na mate ndiyo njia kuu ya virusi hivi: kuumana, kulambana, kula sahani moja miezi na miezi. Mama naye huwapitishia watoto wake. Uzuri ni kwamba nje ya mwili virusi hivi ni dhaifu kabisa. Vikikauka vinakufa haraka, na sabuni ya kawaida inavimaliza. Kwa hivyo yule anayekwambia uchome blanketi na usifuge paka tena nyumbani humo maisha yako yote anakutisha bure.

Mapafu ninayonunua buchani nayachemsha mpaka yaive, maana nyama mbichi ina vijidudu ambavyo kinga yake haiwezi. Maziwa simpi, hata kama sisi ni watu wa maziwa, yanamharisha. Kazi kubwa ni gathano. Julai ya Nyeri, ukungu ukishuka kutoka Nyandarua na kukaa siku nne, ndipo kifua chake kinapoziba. Ninajaza chupa maji moto, naivalisha soksi, naiweka kwenye boksi lake. Jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa, hapana, hilo linaua paka na mwenyewe.

Tumekuwa watu sita hivi kati ya Othaya na Nanyuki wenye paka wa aina hii, na tulifahamiana jinsi watu wa huku wanavyofahamiana: daktari mmoja alimwambia mwenye paka mmoja kwamba kuna mwingine. Tunafanya kama ngwatio, zamu kwa zamu. Mmoja akienda Nairobi anarudi na vipimo vya wawili watatu. Mama mmoja wa Karatina ana kizimba cha kusafirishia, ambacho kimepanda matatu nyingi kuliko makanga. Tumejifunza ni agroveti gani wanaomsikiliza mwenye paka na ni wapi watamdunga dawa ya ng'ombe kwa kukadiria. Tulizika wawili mwaka jana. Mmoja alilazwa mwishoni, kwa sindano, akiwa hapumui vizuri na hali kitu kwa siku tano, na hakuna kati yetu aliyesema mwenyewe angengoja zaidi. Kumlaza anayeteseka ni kitu kimoja. Kumlaza anayekimbiza nzi kwa sababu ya karatasi ni kingine.

Wiki iliyopita alinipigia msichana wa Naro Moru. Kitoto chake cha paka, miezi minne, kimepimwa leo, kina virusi, na ameambiwa aamue kabla ya Ijumaa. Ana mwingine mkubwa nyumbani. Nilimwambia amtenge yule mdogo kwenye chumba chake, sahani yake, mchanga wake, na huyo mkubwa naye apimwe, akiwa mzima achanjwe. Ijumaa iache ipite. Baada ya mwezi mmoja hivi kitoto kirudiwe kipimo. Aliniuliza kama ninajua kitapona. Nikamuuliza kama kinakula.