Namna ya kutafuta faili iliyopotea kwenye tarakilishi

TARAKILISHI ya nyumbani imekuwa kabati la familia. Humo mna tasnifu ya mwanafunzi, hesabu za chama, barua za kuomba kazi na picha za jamaa walioaga dunia.

Faili mojawapo inapokosekana, wengi huamini imefutika. Aghalabu huwa imo humo humo, ila imehifadhiwa mahali pasipotarajiwa. Kinachoweza kuiangamiza hasa ni pupa ya mwenyewe baada ya kugundua kwamba haionekani.

Sababu za kupotea ni nyingi. Faili zinazopakuliwa kutoka kwenye intaneti kwa kawaida huingia katika folda ya Downloads. Kiambatisho cha barua pepe kikihaririwa kabla ya kuhifadhiwa, huweza kuishia katika folda ya muda iliyofichika. Aidha, kipanya kikiteleza, folda nzima huweza kutumbukia ndani ya nyingine.

Hatua ya kwanza ni kufungua programu iliyotumika, mathalani Word, na kutazama orodha ya nyaraka zilizofunguliwa karibuni. Iwapo umeme ulikatika ghafla, Word huenda ikawa na nakala yake yenyewe, kwani kwa kawaida huiweka kila baada ya dakika 10.

Hatua ya pili ni kupekua. Katika Windows, mtumiaji hushikilia kitufe chenye nembo ya Windows na kubonyeza herufi E, kisha huchagua This PC ili diski zote zihusishwe. Kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu upande wa kulia, huandika sehemu ya jina analolikumbuka.

Akiwa amelisahau jina, huandika nyota, nukta na kiishio cha aina ya faili: *.docx kwa nyaraka za Word au *.jpg kwa picha. Matokeo yakipangwa kwa tarehe, kazi ya jana hujitokeza mapema.

Flashi nayo ina hila zake. Kuna virusi ambavyo huficha faili, hivyo flashi huonekana tupu ilhali nafasi yake imejaa. Katika hali hiyo, haifai kuifomati. Yafaa kwanza isafishwe kwa programu ya kukabili virusi, kisha faili zilizofichwa zionyeshwe.

Ikiwa faili ilifutwa, mahali pa kutazama ni pipa la taka, ambalo limekuwemo katika Windows tangu toleo la 1995. Hata hivyo, faili zilizofutwa kwenye flashi, au kwa kubonyeza vitufe vya Shift na Delete kwa pamoja, kwa kawaida hazipitii humo.

Hata hapo, matumaini huwa yangalipo. Faili inapofutwa, tarakilishi haiondoi yaliyomo papo hapo, bali hutangaza kwamba nafasi yake iko wazi. Yaliyomo hudumu hadi data nyingine iandikwe juu yake.

Ndiyo maana mtu hushauriwa kusitisha matumizi ya diski hiyo mara moja, wala asiweke programu mpya ndani yake. Microsoft ilitoa programu ya bure ya kurejesha faili, Windows File Recovery, mwaka 2020, nayo hudai kinachookolewa kiwekwe katika diski tofauti. Diski za kisasa za SSD ni ngumu zaidi, kwa kuwa nyingi hufagia nafasi iliyoachwa wazi baada ya muda mfupi.

Dawa ya kudumu ni nakala ya akiba. Mnamo 1998, sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 ilifutwa kimakosa katika tarakilishi za studio ya Pixar, Marekani, na nakala za studio zikapatikana zina kasoro.

Iliyoiokoa kazi hiyo ni tarakilishi ya nyumbani kwa Galyn Susman, msimamizi wa masuala ya kiufundi, aliyekuwa akifanyia kazi huko baada ya kujifungua. Filamu ilitoka mwaka 1999.

Familia nayo yaweza kuweka nakala moja katika diski ya nje na nyingine katika hifadhi ya intaneti. Akiba haiozi.